Deni la Jino Nililolipa kwa Brashi

Siku niliyoambiwa mimi ni mdaiwa sugu, nilikuwa nimevaa shati jipya.

Nalitaja shati kwa sababu nililinunua kwa ajili ya siku hiyo. Nilikuwa naenda benki kuomba mkopo wa kwanza katika maisha yangu ya miaka arobaini na tisa, na mke wangu alisema watu wa benki wanakuangalia kola kabla hawajakuangalia machoni.

Dada wa mikopo akabonyeza kompyuta yake, akabonyeza tena. Halafu akanitazama kwa ile huruma ya nesi aliyeona majibu yako kabla yako.

"Mzee wangu, una deni liko kwa wakusanya madeni. Mwaka mmoja na miezi minne sasa. Alama zako za mkopo ziko chini kabisa."

Nikacheka. Nilicheka kwa sauti mpaka askari wa mlangoni akageuka.

Unajua kwa nini nilicheka?

Kazi yangu ni kuandika mabango kwa mkono. Watu wananiita Brashi. Nusu ya maduka ya mtaa wetu yana bango la "USIOMBE MKOPO, UTANUNIWA", na karibu yote nimeyaandika mimi, herufi nyekundu zenye kivuli cheusi. Nimeyaandika mara nyingi mpaka maneno yenyewe yakaniingia. Sijawahi kukopa hata chumvi. Sukari ikiisha nyumbani nakunywa chai kavu na najiona mtakatifu.

"Angalia vizuri, binti yangu," nikamwambia. "Huyo tutakuwa tumefanana majina."

Akageuza kioo cha kompyuta upande wangu.

Jina langu. Namba ya kitambulisho changu. Namba yangu ya simu. Na chini yake: kliniki ya meno, kuziba jino, moja.

Ulimi ukaenda wenyewe kuligusa lile jino. La chini, kushoto, karibu na mwisho.

Hapo ndipo kicheko kilipokatika.

Ngoja niwaeleze mkopo ulikuwa wa nini, maana bila hilo mtaniona mzee mkorofi tu.

Bega langu la kulia limekufa. Miaka ishirini na sita ya kupanda ngazi na kuinua mkono juu ya kichwa, siku moja bega likakataa. Nikishika brashi juu ya usawa wa kidevu, mkono unatetemeka. Na bango haliandikwi kwa mkono unaotetemeka. Mwezi uliotangulia wote nilikuwa nimepata kazi mbili: namba za mlango wa gereji, na "USIKOJOE HAPA" kwenye ukuta. Hiyo ya ukuta niliifanya nikiwa nimekaa kwenye ndoo.

Sasa kuna jamaa anayetengeneza mihuri ya ofisi. Yeye ana mashine ya kuchapa mabango, ile unayokaa kwenye kiti, unabonyeza, bango linatoka. Anahama, anamfuata mwanawe mji mwingine, na mashine anaiuza. Akaniambia: "Brashi, nakupa wewe kwanza, kwa heshima ya kazi. Lakini mwisho tarehe thelathini. Ikikaribia hujaja, atakayekuja na barua ya benki anaondoka nayo."

Hiyo mashine ndiyo ilikuwa uzee wangu. Bila hiyo, sikujua nitakula nini mwaka unaofuata. Nalisema wazi, niliogopa.

Siku hiyo ya benki ilikuwa tarehe pili.

"Kwa hiyo nifanye nini?" nikamuuliza dada wa mikopo.

"Deni hili likiondoka, rudi tuangalie upya."

Hayo ndiyo maneno yake, na ni haki yake niyaweke kama alivyoyasema. Alisema tuangalie. Mimi nikasikia tukupe.

Nyumbani nikamweleza mke wangu. Mke wangu ni mwalimu wa chekechea, na akikasirika anaongea na mimi kama niko darasa lake.

"Jino la nani?"

"Langu."

"Langu la nani?"

"Langu mimi! Unafikiri naziba meno ya watu?"

"Fungua mdomo."

Nikafungua. Akawasha tochi ya simu, akashika kidevu changu, akachungulia kama anatafuta mtoto chini ya kitanda. Akaliona.

"Sawa. Ni lako. Sasa hukulipa kwa nini?"

"Nililipa!"

"Risiti iko wapi?"

Hapo ndipo mambo yalipo, ndugu zangu.

Nililipa kwa bango.

Miaka mitatu nyuma jino liliniuma mpaka nikawa naandika herufi zimelala. Nikaenda kwa Daktari wa meno wa pale karibu na soko, mzee mmoja mcheshi, mikono myepesi. Akaziba. Akataja bei. Ilikuwa sawa na makopo manne ya rangi ya mafuta. Mimi pesa zote nazihesabu kwa makopo ya rangi, ndivyo zinavyoniingia akilini.

Nikamwambia, "Daktari, bango lako la nje limechakaa. Linaonekana kama linatangaza kung'oa meno kwa nyundo. Niachie hii bei, nikuandikie jipya."

Akacheka, tukapeana mikono.

Nilimwandikia bango la mita tatu. Nilipiga rangi ya chini mara mbili, nikapima mistari kwa uzi wa chaki, nikamchorea na jino lenye tabasamu pembeni. Siku tatu za kazi. Ukiniuliza mimi, nilimzidishia.

Hatukuandika popote. Fundi na fundi wanaandikishana nini?

"Lipa," mke wangu akasema. "Makopo manne tu. Tunayo. Lipa yaishe, uchukue mkopo, ununue mashine."

"Nilipe mara mbili?"

"Ndiyo, lipa mara mbili, ule mara elfu."

"Silipi deni nisilodaiwa."

Akanitazama. "Haya," akasema, kwa ile sauti anayowaambia watoto wanaokataa kuvaa viatu. "Haya."

Siku iliyofuata nikapiga namba ya wale wakusanya madeni. Akapokea dada mwenye sauti tamu kupita kiasi, ile ya kutangaza manukato redioni.

"Tumekuwa tukikutafuta kwa muda mrefu sana," akasema. Kama tulikuwa wapenzi.

"Mimi sijapata barua yoyote."

"Tumekutumia ujumbe mara kumi na moja kwa namba hii hii."

Kweli, ujumbe niliupata. "Ndugu mteja, deni lako limekabidhiwa kwetu kwa ukusanyaji." Nilijua ni matapeli! Mtu asiyedaiwa akipata ujumbe kama huo atafikiri nini kingine? Tena nilikuwa najisifu kijiweni jinsi ninavyowajibu.

"Na ulikuwa unajibu," Sauti Tamu akaendelea. "Niko nayo hapa majibu yako. Tarehe tisa uliandika, 'Nitumieni ninyi kwanza nauli nije niwalipe.' Tarehe ishirini na moja uliandika, 'Njooni mling'oe hilo jino wenyewe.'"

Nikasogeza simu mbali kidogo na sikio.

"Ndiyo maana kwenye faili umeandikwa mkaidi," akasema, bado kwa utamu ule ule.

Nikamweleza habari ya bango. Akasikiliza mpaka mwisho, niseme ukweli. Halafu akasema wao hawapokei mabango. Wanapokea malipo, au barua ya aliyenitibu inayosema sidaiwi. Ikija barua, wanaipeleka ofisi ya kumbukumbu za mikopo, na inachukua siku ishirini na moja jina kufutwa.

Nikahesabu kwa vidole. Tarehe tatu, nikiipata barua kesho, siku ishirini na moja, inabaki nafasi.

Nikala kona kuelekea kliniki.

Bango langu halikuwepo.

Pale lilipokuwa jino langu lenye tabasamu palikuwa na bango la kuchapwa, lina picha ya mzungu amekenua. Herufi zimesongamana kona moja kama zinaogopa mvua. Niliumia, jamani. Ushahidi wangu pekee ulikuwa ule, na ulikuwa umeshushwa.

Ndani nikamkuta daktari mwingine, wa makamo, miwani imening'inia kifuani. Yule mzee alimuuzia kliniki na kustaafu. Alinisikiliza bila kunikatiza, akafungua droo, akatoa kitabu kikubwa chenye jalada la kijani.

"Hiki nilikikuta. Kila mwenye jina hapa bila alama ya kulipa, nilimpeleka kwa wakusanya madeni. Ningefanyaje? Mimi simjui mtu."

Akanionyesha ukurasa wangu. Mstari mmoja. Jino, bei, na upande wa malipo pamebaki peupe.

"Bango uliliona lakini?"

"Niliona. Zuri sana. Lilikuwa na jina la mwenzangu, nikalishusha."

"Liko wapi?"

"Kuna mtu aliliomba akaezekee banda la kuku."

Nikashika kiuno. Siku tatu za kazi, rangi ya chini mara mbili, kuku wanalala chini yake.

"Tena si wewe peke yako," akasema. "Kuna seremala alikuja na maneno hayo hayo. Alisema alilipa kwa mabenchi, haya wanayokalia wagonjwa. Lakini yeye alilipa tu."

"Alilipa?"

"Alilipa siku ile ile. Nikampa risiti."

Huyo seremala namjua, karakana yake iko nyuma ya soko. Nikampitia. Nikamkuta anapiga randa, vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi.

"Wewe ulikubali kulipa deni la uongo?"

"Nililipa, ndiyo."

"Unatuharibia! Sasa wanaona sisi wote ni wadaiwa!"

Hakusimamisha randa. "Brashi, mimi nina viti sitini vya shule vya kumaliza. Sina muda wa kugombana na kitabu. Nimelipa, nimesahau."

"Mimi nina msimamo."

"Ni vizuri kuwa nao," akasema, akapuliza vumbi.

Nikaondoka pale nimevimba kichwa. Nilimwona bwege. Naandika hili neno kwa sababu ndilo lililokuwa kichwani, na mtaona baadaye bwege alikuwa nani.

Kumpata yule mzee Daktari kulinichukua siku mbili. Anaishi kwa binti yake, nyumba ya pembeni kabisa, na nilimkuta anamwagilia nyanya kwenye madumu yaliyokatwa.

Aliponiona akaangusha kopo la maji.

"Mwandishi wangu! Lile jino linatafuna?"

"Linatafuna, Daktari. Linanitafuna mimi."

Nikamweleza yote. Benki, mashine, bega, Sauti Tamu, kitabu cha kijani. Nilivyotaja kitabu, uso wake ukabadilika. Akavuta kigoda, akakaa, akaanza kufuta mikono kwa shati.

"Tatizo, ndugu yangu, kile kitabu nilikiuza."

"Najua. Uliuza kliniki."

"Kliniki niliuza. Na kitabu niliuza." Akakohoa. "Yule mwenzangu alikuja na mhasibu. Mhasibu akakiona kitabu, akajumlisha madeni yote, akasema hii ni mali, inaongeza bei. Akanilipa nusu ya jumla."

"Na wewe ulijua wengine tulishalipa kwa kazi."

"Nilijua."

"Ukasemaje?"

"Nikasema mhasibu ni msomi."

Nilitaka kumchukia, nikashindwa. Alikuwa mzee, miguu imevimba, amekaa kati ya nyanya zake, na aibu ilikuwa imemjaa usoni bila kujificha. Lakini damu ilinichemka vilevile. Mtu ameziba jino langu, akachukua bango langu, kisha akaniuza.

"Niandikie barua," nikasema. "Sema nililipa kwa kazi."

"Nikiandika, yule mwenzangu atataka nimrudishie hela yake."

"Ya kwangu tu. Makopo mawili."

"Makopo?"

"Nusu ya bei. Umenielewa."

Akafikiri. "Sikiliza. Wewe lipa tu sasa hivi upate mashine yako. Mimi nitakurudishia kidogo kidogo. Haki ya Mungu nitakurudishia."

Tazama jinsi dunia ilivyo. Mlango ulikuwa wazi pale. Mke wangu ameniambia lipa, seremala amelipa, na sasa mwenye kosa mwenyewe ananiambia lipa nitakufidia. Mtu mwenye akili zake angelipa saa ile ile kwa simu, chini ya kivuli cha ile nyumba, na saa kumi angekuwa amefika benki.

"Daktari," nikasema, nimesimama wima kama naimba wimbo wa taifa, "sijawahi kudaiwa. Sitalipa nionekane nilidaiwa."

Binti yake alikuwa mlangoni kumbe, anasikiliza. Mama mtu mzima, ana kanga kiunoni na mwiko mkononi.

"Baba," akasema, "muandikie."

"Mwanangu, hela..."

"Nitatoa mimi. Muandikie mtu barua yake."

Akaandika. Mwandiko wa daktari, unaujua mwenyewe, lakini chini akaweka sahihi na namba ya leseni yake ya zamani. Nilivyokuwa natoka akanishika mkono ule wa bega bovu.

"Lile bango lilikuwa zuri kuliko kliniki yangu," akasema. Nikajikuta nasema asante.

Nikapeleka barua kwa wale wakusanya madeni kwa mkono wangu. Nikataka wagonge muhuri kwenye nakala yangu. Wakagonga. Ilikuwa tarehe sita.

Halafu nikakaa kusubiri.

Siku ishirini na moja ni nyingi ukiwa huna kazi. Nilisafisha brashi ambazo hazikuwa chafu. Nilipanga makopo kwa rangi, nikayapanga tena kwa ukubwa. Kila asubuhi mke wangu alikuwa anaangalia kalenda ukutani, ananiangalia mimi, anachukua mkoba wake anaenda kufundisha watoto kuhesabu.

Tarehe kumi na nane Sauti Tamu akapiga.

"Tunaweza kukupa punguzo," akasema. "Ukilipa nusu leo, tunafunga faili leo, na inaonekana umelipa."

"Barua yangu mmeipeleka?"

"Imeenda. Ila hii ni njia ya haraka."

"Dada yangu, mimi sitaki haraka. Nataka haki."

Nilipokata simu nilijisikia kama mtu wa kwenye vitabu vya historia.

Tarehe ishirini na saba, saa tatu asubuhi, ujumbe ukaingia. Ofisi ya kumbukumbu za mikopo. "Deni limethibitika si sahihi. Taarifa imefutwa."

Nilipiga kelele mpaka jirani akaja kuuliza nani amefariki.

Nikavaa lile shati. Nikaenda benki natembea kifua mbele, natamani mtu aniulize habari yangu ili nimweleze. Dada wa mikopo akanikumbuka, akatabasamu kweli kweli.

"Hongera, mzee wangu. Naona limefutwa."

"Nilikuambia! Mimi sidaiwi na mtu."

Akabonyeza. Akangoja. Tabasamu likaanza kupungua taratibu, kama maji yanayotoka kwenye beseni.

"Vipi?" nikauliza.

"Mfumo umekataa."

"Kwani deni limerudi?"

"Hapana. Deni halipo." Akasita. "Hakuna kitu chochote. Hujawahi kukopa popote, hujawahi kununua kitu kwa awamu, huna hata laini ya simu ya kulipia mwisho wa mwezi. Lile deni la jino ndiyo ilikuwa kumbukumbu yako pekee. Sasa limefutwa, na mfumo haukujui."

"Haunijui?"

"Haukujui, mzee wangu. Hauwezi kukupa alama. Na bila alama, siwezi kupitisha."

Nikarekebisha kola ya shati. Askari wa mlangoni safari hii hakugeuka.

"Binti yangu, niambie ukweli. Ningelilipa tu lile deni, siku ile ya kwanza?"

Alishusha macho. Namsifu kwa hilo, hakunidanganya.

"Ungelilipa, lingeandikwa limelipwa. Kwa kuchelewa, lakini limelipwa. Alama zingepanda kidogo, na kwa kiasi ulichoomba zingetosha. Mfumo ungeona mtu aliyedaiwa akalipa."

"Lakini sikudaiwa."

"Najua," akasema. "Mimi najua. Mfumo ndiyo haujui."

Nilitembea mpaka kwa jamaa wa mihuri. Sikujua nitamwambia nini. Labda aniongezee mwezi, labda anionee huruma, kwa heshima ya kazi.

Mlango ulikuwa wazi na mashine ilikuwa inatolewa. Watu wanne wameibeba, imefungwa blanketi, wanaipakia kwenye gari. Na anayewaelekeza, "taratibu, taratibu kona hiyo," alikuwa seremala.

"Brashi," akaniita, hana hata chembe ya ubaya. "Jamaa alisema umechelewa kuleta barua na tarehe inakaribia, nikaileta ya kwangu. Binti yangu amemaliza kusomea usanifu, anakaa nyumbani tu. Benki hawakunisumbua. Waliniambia nina rekodi nzuri, nilikuwa na deni nikalilipa."

Kumbukumbu aliyokuwa nayo ni ile ile ya uongo. Mabenchi yale yale.

Nilisaidia kushika kona moja ya blanketi. Kwa mkono wa kushoto. Sijui kwa nini nilisaidia, ila nilishindwa kusimama tu nikitazama.

Nyumbani nililia. Mwanaume wa miaka arobaini na tisa, nimekaa kwenye ndoo ya rangi, nalia mchana kweupe. Mke wangu akaingia, akaniona, akaweka mkoba chini. Nilingoja aseme nilikuambia. Alikuwa na haki zote, na maneno yenyewe nayajua, ningeweza hata kumsaidia kuyatamka.

Hakusema. Alikaa kwenye ndoo ya pili, akanisugua bega.

Baada ya wiki moja binti wa seremala akaja. Amebeba bango la kwanza alilochapa, amelikunjua uani kwetu.

"Baba mdogo, hebu niambie. Mbona hili linaonekana kama linapiga kelele?"

Nikaliangalia. Herufi zimebanana, nafasi hazipumui. Nikaenda naye karakanani, nikakaa karibu na kiti chake, nikamwonyesha wapi asogeze, wapi aache hewa. Sasa naenda siku tatu kwa wiki, ananilipa kila Ijumaa. Mashine si yangu, lakini mabango yanayotoka pale ukiyaona utajua nani amekaa nyuma yake. Baba yake akipita ananisalimia kwa heshima, na mimi namsalimia kwa heshima zaidi. Yule niliyemdhania bwege siye.

Juzi ndiyo nikaenda duka la vyombo vya umeme. Dada wa benki alinishauri: nunua kitu kidogo kwa awamu, lipa kwa tarehe, baada ya miezi kumi mfumo utaanza kukujua. Nikachagua pasi. Nikajaza fomu, nikaweka sahihi, mkono ukatetemeka, na safari hii halikuwa bega.

Kisha nikatoa pesa zote nikaziweka kaunta. Nilikuwa nazo. Ningekosaje hela ya pasi?

Mwenye kaunta akahesabu awamu ya kwanza, nyingine akanisukumia.

"Chukua hizi."

"Nalipa zote nimalize."

"Baba, ukimaliza leo utakuwa umenunua pasi tu. Hakuna atakayejua. Nenda nazo nyumbani, ukae na deni, urudi tarehe tano."

Nikarudisha pesa mfukoni. Nimetoka pale na pasi kwapani, hela mfukoni, na deni la kwanza halali maishani mwangu, natembea naangalia nyuma kama mwizi.

Nimeandika haya ili mwenzangu unayejisifu hudaiwi na mtu usije ukavunjika moyo benki ukiwa umevaa kola mpya kama mimi. Omba ripoti yako ya mikopo leo, kabla hujawa na shida. Ujumbe wa deni ukija, uliza kwanza, matusi yatakuja baadaye kama yana haja. Ukilipa kwa brashi, kwa randa au kwa sindano, andikishaneni, hata kama mnapendana. Na ujue kwamba huko benki uaminifu wako haumhusu mtu. Wanachotafuta ni nani mwingine aliwahi kukuamini, na aliandika wapi.

Kama nilikosea kukataa kulipa, bado sijui. Mke wangu anajua, ila hasemi.

Tarehe tano ni Jumanne. Nitakuwa mlangoni kwao kabla hawajafungua.